Seli zilizokatwa na ukingo wa picha: jinsi ninavyozijaza

Nilipoanza kuhesabu seli nyekundu za damu kwa kompyuta, kwenye picha za slaidi za malaria zilizotiwa rangi ya Giemsa, hesabu yangu ilikuwa pungufu kila siku. Seli za katikati hazikuwa na shida. Shida ilikuwa pembezoni.

Seli nyekundu ni nyembamba katikati, kwa hiyo eneo hilo, lenye upana wa kama theluthi ya kipenyo chake, huonekana limepauka. Ukishaigeuza picha iwe ya rangi mbili tu, seli nyeupe na usuli (eneo lisilo na seli) mweusi, mara nyingi seli hubaki pete yenye tundu jeusi. Tundu hilo lazima lijazwe. Kimelea kikiwa humo na wewe hukulijaza, programu itakihesabu kama kiko nje ya seli, na asilimia ya seli zilizoambukizwa inaharibika. Seli nzima hujazwa kwa amri moja: binary_fill_holes ya SciPy (maktaba ya lugha ya Python), au imfill ya programu ya MATLAB. Lakini seli iliyokatwa na ukingo si pete tena, ni herufi C yenye mdomo unaotazama nje. Amri inaipita kama haijaiona.

Nilidhani programu ina hitilafu. Haina. Kompyuta hufanya kazi kama mtu anayemwaga maji kutoka nje ya picha: maji hupita penye weusi, yakikuta weupe yanasimama. Weusi ulioloa ni usuli, weusi uliobaki mkavu ndio tundu. Sasa ile C ni boma lisilo na ukuta upande mmoja. Maji yanaingia, na kwa kompyuta hapo hapana tundu lolote.

Wazo la kwanza linalomjia kila mtu, nami lilinijia, ni kuizungushia picha fremu nyeupe pande zote nne ili boma lifungwe. Usifanye hivyo. Ukifunga pande zote, maji hayana pa kuingilia, kila weusi unabaki mkavu, na picha nzima inageuka nyeupe.

Kilichonisaidia ni kufunga pande mbili tu zinazopakana. Ongeza mstari mweupe wenye unene wa pikseli moja (nukta moja ya picha) juu na kushoto, jaza, kisha ondoa mistari hiyo. Rudia kwa juu na kulia, chini na kulia, chini na kushoto. Matokeo manne yaunganishe: pikseli iliyo nyeupe katika lolote kati yake iwe nyeupe. Kwa nini mbili na si mmoja mmoja? Kwa sababu ya seli zilizo kwenye kona. Seli ya kona huweza kuwa wazi juu na kushoto kwa pamoja, na kufunga upande mmoja pekee hakuizibi.

Kuna hatari moja, na hii ndiyo iliyonichukua muda kuigundua. Seli zikishikana mnyororo kutoka ukingo wa juu hadi wa kushoto, zinafunga kona nzima, na usuli halisi unajazwa kana kwamba ni tundu. Kwa hiyo weka kikomo cha ukubwa. Seli yenye kipenyo cha pikseli 80 ina eneo lililopauka la pikseli 27 hivi kwa upana, yaani kama pikseli 560 za eneo. Mimi hukataa kila kilichojazwa kikizidi 1,000. Kikomo chako kipime kutoka kwenye picha zako mwenyewe, maana hadubini hazilingani.

Tena, maji yaruhusiwe kwenda juu, chini, kushoto na kulia tu. Ukiyaruhusu kupita kimshazari, yatapenya kwenye pete nyembamba. SciPy na MATLAB zote huanza na njia nne, basi usibadilishe bila sababu.

Wapo wanaoshauri kufuta kila kinachogusa ukingo kwa amri ya clear_border na kuendelea. Piga hesabu kwanza. Kwenye picha ya 640 kwa 480, kati ya seli za pikseli 80 ambazo kitovu chake kimo ndani ya picha, asilimia 27 hugusa ukingo. Zikiwa za pikseli 40, ni asilimia 14. Maana yake seli kubwa zinafutwa kwa wingi kuliko ndogo, na wastani wa ukubwa unapotoka bila wewe kujua.

Watu wa maabara walishalitatua hili zamani kwenye chemba ya Neubauer, kioo chenye miraba ya kuhesabia seli: seli zinazogusa mistari ya pande mbili zinahesabiwa, za pande mbili nyingine zinaachwa. Nami nafanya vivyo hivyo. Najaza kwanza, ndipo nahesabu zinazogusa juu na kushoto, naziacha za chini na kulia. Nikitaka kupima eneo la seli, hapo natumia seli nzima peke yake, kwa sababu nusu seli hata ikijazwa vizuri bado ni nusu.