Meza ya Fundi: Kiganja cha kushoto kinaungua

SWALI

Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, niko Muheza. Nina laptopu ya plastiki nyeusi, ya inchi 15, niliyoinunua mtumba Dar miaka mitatu iliyopita. Ina Windows 10 na RAM ya GB 4. Nikianza kuingiza alama za wanafunzi haipiti nusu saa, pale ninapolaza kiganja cha kushoto, kando ya tachipadi, panakuwa pa moto mpaka naweka leso. Upande wa kulia hauna shida. Feni naisikia inazunguka polepole tu. Nilinunua stendi yenye feni, haikusaidia kitu. Fundi mmoja wa hapa ananiambia nibadilishe feni ya ndani na kupaka pesti mpya ya kupitishia joto, jumla sh 60,000. Nimpe?

JIBU

Marahaba mwalimu. Subiri kwanza, usimpe. Sisemi kwamba anakudanganya, maana laptopu ya mtumba ikipata mtu wa kuifungua na kuipuliza vumbi inashukuru. Lakini barua yako imetaja mambo mawili ambayo mimi ningeyauliza kabla ya kushika bisibisi: joto liko kushoto peke yake, na feni haihangaiki.

Prosesa, yaani ubongo wa mashine, kwenye laptopu nyingi za aina hiyo imekaa huko juu, chini ya kibodi, karibu na feni na tundu la kutolea hewa. Ikichemka, moto utausikia kwenye safu ya namba, au ubavuni hewa inapotokea, na feni itaunguruma kabla kiganja chako hakijajua lolote. Kiganja kikiungua huku kule juu kumetulia, basi kuna kitu kingine kimelala chini ya mkono. Kwenye laptopu za plastiki za miaka ile, zile ambazo betri inachomolewa kwa nyuma, kitu hicho mara nyingi ni diski kuu (hard disk), ile inayohifadhi mafaili yako.

Zima mashine, chomoa chaja, toa betri, uipindue. Angalia kama kuna kifuniko kidogo upande wa mbele chenye skrubu moja au mbili. Ukiipindua kama unavyofungua ukurasa wa kitabu, kushoto kwako kunahamia kulia. Wengi hukosea hapo. Ndani utakuta kibati cha fedha cha ukubwa wa pakiti ya sigara, chembamba zaidi. Humo mna sahani inayozunguka, kwa diski nyingi za laptopu, mara 5,400 kwa dakika, na kijiti kinachoruka huku na huku juu yake kikisoma na kuandika. Watengenezaji wengi wameiwekea mwisho wa kufanyia kazi nyuzi 60. Kati ya kibati hicho na kiganja chako kuna hewa kidogo na ganda la plastiki, basi.

Sasa utaniuliza: naingiza alama tu, diski inahangaikia nini? Hapo ndipo penye kiini. Chukua mfano wa meza yako ya kusahihishia. Kama ni ndogo, ukitaka karatasi za mkondo B lazima za mkondo A uzirudishe kabatini, na dakika mbili baadaye unazitaka tena. RAM ya GB 4 ndiyo meza hiyo. Windows peke yake imeshachukua sehemu kubwa, ukafungua Excel, ukafungua kivinjari chenye kurasa kumi na WhatsApp juu yake. Meza ikijaa, Windows inapeleka vitu kwenye diski na kuvirudisha, inapeleka na kuvirudisha, saa nzima. Sahani haipumziki, kijiti hakipumziki, na wewe umeweka mkono juu yake.

Usiniamini kwa maneno. Leo jioni, ukiwa katikati ya kazi na mkono umeshapata moto, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye dirisha litakalofunguka, tazama safu ya Memory (ndiyo RAM) na safu ya Disk. Kama Memory imepita asilimia 80 na Disk imeganda kwenye 90 au 100 kwa dakika kadhaa, umempata. Zima redio uinamishe sikio karibu na kiganja. Utasikia mkwaruzo mdogo usiokatika, kama panya anayetafuna karatasi. Ukiweza, pakua pia programu ya CrystalDiskInfo, ni ya bure, itakuonyesha nyuzi za diski na afya yake. Mimi diski ikipita nyuzi 50 wakati mashine inafanya kazi ya kawaida, siridhiki. Na ikiandika Caution au Bad, tafadhali mwalimu, acha yote, nakili alama za watoto kwenye flashi mbili kabla hujalala.

Tiba yenyewe ni kuitoa hiyo diski na kuweka SSD, yaani diski ya chipu, ya aina ya SATA ya inchi 2.5. Inaingia pale pale, kwenye soketi ile ile. Haina sahani wala mota, kwa hiyo kwa kazi yako ya alama itakuwa vuguvugu tu. Nyingi zina unene wa milimita 7. Kama nafasi yako ni ya 9.5, mwambie fundi aweke fremu ya plastiki isicheze. GB 240 zinamtosha mwalimu. Pili ni kuongeza RAM ifike GB 8, ila hapo soma kwanza stika ya ile iliyomo. RAM ya aina ya DDR3L haikai kwenye soketi ya DDR4, na kuna watu wamerudi kwao na RAM mpya mfukoni kwa sababu hawakusoma stika. Ukiwa na pesa ya kimoja tu, anza na SSD. RAM inaipunguzia diski kazi, SSD inakiondoa chenyewe kinachokuchoma.

Kuhusu stendi, naomba niseme kitu ambacho bado kinaniuma. Nilipoanza kazi Kariakoo nilimuuzia muuguzi mmoja stendi ya feni mbili kwa shida hii hii yako. Sikuifungua mashine yake, sikuigusa hata kwa nyuma ya vidole. Wiki iliyofuata alirudi na kiganja chekundu. Nilipofungua nikakuta diski inachemka ndani ya chumba chake kilichozibwa pande zote, ambako upepo wa stendi usingefika hata ningewasha feni kumi. Nilimrudishia pesa yake. Stendi inafaa pale ambapo matundu ya kuvuta hewa yako chini ya laptopu, mkabala na feni zake. Kwako haikuwa na pa kupenya.

Wakati unajikusanya, nunua kibodi ya nje ya USB. Mikono inaondoka kabisa juu ya mashine, na kwa kuingiza alama za mikondo minne huo ndio unafuu wa bei ndogo kuliko wote. Funga kivinjari unapotumia Excel. Leso yako juu ya pale pa kulazia kiganja haina ubaya, hapana tundu hapo, lakini chini ya laptopu pasiwe na kitambaa chochote: meza tupu. Na ingawa Kiswahili kimeiita kompyuta mpakato, usiipakate. Ngozi inayokaa kwenye nyuzi 44 kwa saa sita inaungua kweli, na hata joto dogo la kila siku huacha mapajani mabaka ya kahawia yenye umbo la wavu.

Usitegemee ubaridi. Mchana wa Februari hapa kwangu hewa ni nyuzi 32, na hakuna laptopu itakayopoa kuliko chumba ilimo. Unachotafuta ni mkono usahau kama kuna kitu chini yake.

Kama kipimo cha jioni kitaonyesha diski imetulia na prosesa ndiyo iko juu, basi yule fundi wako yuko sahihi kuhusu vumbi na pesti. Mwombe asafishe kwanza, feni abadilishe ikithibitika imechoka. Na kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kiwango cha juu cha prosesa kiweke 99 badala ya 100. Prosesa nyingi zitaacha kujisukuma kupita kasi yake ya kawaida, na kwa Excel hutaona tofauti.

SWALI

Fundi, yangu ni nyembamba, ya bati. Tangu wiki jana tachipadi haibonyezeki, na pale pa kuwekea mikono pamefura kidogo. Nikichaji panakuwa moto sana. Je, naweza kuweka kitu kizito juu ili pakae sawa? Msomaji, Likoni.

JIBU

Usiweke kitu! Hiyo ni betri imevimba. Kwenye laptopu nyembamba betri imetandazwa chini ya viganja vyote viwili, na gesi iliyojaa ndani ndiyo inayoisukuma tachipadi juu. Ukikandamiza, tabaka za ndani zinaweza kugusana, na betri ya lithiamu ikiwaka haizimwi kwa kupulizwa. Chomoa chaja sasa hivi na usiichaji tena. Zima mashine, iweke juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na godoro, mapazia na watoto. Usiitoboe kutoa hewa, hata mtu akikwambia yeye hufanya hivyo. Kesho ipeleke kwa fundi ikiwa imezimwa, umwambie neno betri imevimba kabla hajaipokea, ili asiianzie kwa bisibisi ya kubandulia.