Uwani walikuwa wanavunja betri, mchicha wa hapo unalika?

SWALI: Habari za kazi. Nakaa Vingunguti, uwani kwetu kulikuwa na mafundi wanavunja betri kuukuu za gari wanatoa risasi (yale madini ya lead), wakahama mwaka juzi. Nimepanda mchicha na matembele, vimestawi mno, ila jirani kasema tusile, ardhi ina sumu. Si nikiosha na kuchemsha vizuri inatosha? Nina mtoto wa miaka 3, na kuku wanachakura hapohapo.
Mama wa mmoja, Dar

JIBU: Dada yangu, jirani kasema kweli, huo mchicha usiuinjike hata leo. Mboga inaweza kustawi vizuri tu na risasi imo, na moto hauiondoi maana siyo kijidudu, ni madini, unachemsha wee inabaki humohumo. Kuosha kunatoa vumbi na tope la kwenye majani, na risasi nyingi hupitia huko kuliko kwenye mizizi, lakini iliyokwishaingia ndani ya jani ndo basi.

Mimi roho yangu iko kwa mtoto. WHO wanasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na inaharibu ubongo unaokua, sasa wa miaka 3 anacheza chini mikono inaenda mdomoni. Mpeleke hospitali, mweleze daktari habari za betri, uulizie kipimo cha risasi kwenye damu. Hapo uwani asicheze tena, usifagie pakavu, viatu viishie mlangoni.

Mboga panda kwenye viroba, jaza udongo wa mbali na samadi, kina kama sentimita 30 mchicha unatosha, viweke juu ya zege au turubai mizizi isishuke chini. Najua kuna watakaokwambia tia mboji na chokaa, ni kweli zinaishika risasi isipande sana kwenye mmea, ila haziitoi ardhini, na kwenye udongo wenye uchafu kidogo bamia na nyanya zina nafuu kuliko majani na mihogo, lakini palipovunjwa betri mimi hata bamia nisingepanda bila kupima. SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, na TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo kule Tanga, wanapima udongo, waulize kama wanapima risasi na kadimi (madini mengine yenye sumu), kipimo cha kawaida ni cha rutuba tu.

Kuku wafungie, na mayai ya sasa mtoto asile, risasi inaingia mpaka kwenye yai.