Kani ya pili si sifuri

Ndugu, kwenye swali lako kani mbili zinasukuma kitu kimoja, moja unaijua na ya pili unaitafuta; umeteleza pale ulipoandika kuwa ya pili ni 20 − 20 = 0. Kani ni vekta, yaani ina ukubwa na mwelekeo, huwezi kutoa ukubwa ukaacha mwelekeo. Kitu chako cha kilo 5, kwenye sakafu isiyo na msuguano, kina mchapuko wa 4 m/s² kwenda mashariki, hivyo jumla ya kani ni 5 × 4 = 20 N (newtoni) mashariki, kaskazini sifuri. Sasa ivunje ile unayoijua, 20 N ikiwa nyuzi 60 kaskazini mwa mashariki: mashariki 20 × cos 60° = 10, kaskazini 20 × sin 60° = 17.3. Basi ya pili lazima ilete 10 zilizopungua mashariki na 17.3 kusini (yaani kaskazini −17.3; hapa wengi husahau alama ya kutoa!). √(10² + 17.3²) = 20 N, nyuzi 60 kusini mwa mashariki.