Kabla hujaupaka mtaa wa watu rangi nyekundu

Wiki hii nimekagua ramani tatu za magonjwa zilizochorwa na wanagenzi wetu. Zote zina kosa nililolifanya mimi nikiwa mwaka wa pili kazini. Nawapenda, wadogo zangu, lakini hili limenichosha.

1. Kagueni projeksheni, yaani namna ramani inavyoilaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa, kabla ya kupachika tabaka la pili la data.

2. Jueni kila nukta imefikaje ilipo. Nilikabidhiwa rejesta za wagonjwa wa kuhara, anwani zimeandikwa kwa mkono. Nikazipitisha kwenye programu ya kutafuta majiranukta, yaani namba za latitudo na longitudo za kila anwani, ikazirudisha zote, haikukataa hata moja. Nikafurahi, nikachora ramani ya joto, ile inayowaka nyekundu penye nukta nyingi, na katikati ya kata moja pakawaka nyekundu. Nikasimama kikaoni mbele ya maofisa wa afya na wajumbe wa mtaa, nikatamka kwamba chanzo kiko pale. Siku chache baadaye watoto wa nyumba zile walikuwa wakikatazwa kucheza na wenzao. Ndipo mama mmoja mkazi akanifuata, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hapo ulipoonyesha ni uwanja wa mpira. Nani analala uwanjani?"

Nilirudi kwenye jedwali mikono ikitetemeka. Kila anwani iliyoshindikana, programu ilikuwa imeiweka kwenye sentroidi ya kata, yaani nukta ya katikati yake. Safu ya usahihi, inayosema kila anwani imepatikana kwa uhakika gani, ilikuwepo muda wote, sikuifungua. Wagonjwa wale waliishi pembezoni, kwenye nyumba zisizo na namba, na mimi nilikuwa nimewahamishia uwanjani huku maji yao yakiendelea kuwaumiza. Niliomba radhi kikao kilichofuata. Mama yule alikuwepo, akaitikia kwa kichwa tu. Hadi leo sijamsahau.

3. Poligoni nyeupe, yaani eneo lenye mipaka lililobaki bila rangi kwenye ramani, ina maana gani? Hakuna mgonjwa, au hakuna aliyeuliza? Kipindupindu kilipolipuka Soho, London, mwaka 1854, daktari John Snow hakuishia kuhesabu vifo karibu na pampu ya maji ya Broad Street. Alifuatilia pia mahali ambapo watu hawakufa. Kiwanda cha bia cha jirani kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna aliyekufa kwa kipindupindu: walikunywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Makao ya maskini yalikuwa na watu zaidi ya 500, wakafa 5 tu. Nayo yalikuwa na kisima chake. Utupu ule aliweza kuueleza kwa sababu alikwenda kuuliza.

4. Gawanyeni idadi ya wagonjwa kwa idadi ya wakazi.

5. Mnapozilaza ramani za kale juu ya za leo, zifungeni kwenye njia panda, si kwenye kingo za mito, maana mito huhama. Na msizichukulie kama kipimo cha ukweli. Zile za mikopo ya nyumba za Marekani, za miaka ya 1930, zilipaka nyekundu mitaa ya Weusi. Mkizilaza chini ya data ya pumu ya leo, kumbukeni kwamba rangi ile ilikuwa hukumu ya wakadiriaji wa thamani ya nyumba juu ya watu.

Mwenye ramani ya pili, njoo kesho asubuhi na jedwali lako. Nimehesabu nukta 41 zimelaliana mahali pamoja.