Ebola Imeingia Parokiani: Padre Aguse Nini, Asiguse Nini

Ebola na Marburg, ugonjwa wa virusi unaofanana nayo, hazienei kwa hewa kama mafua. Zinapita kwenye damu, matapishi, choo na jasho la mgonjwa aliyekwisha kuonyesha dalili, na zaidi kwenye maiti. Kwa hiyo hatari ya padre iko mikononi mwake, na karibu kila anachomfanyia mgonjwa hukifanya kwa mikono. Masista sita wa Poverelle, shirika la Bergamo, Italia, waliokufa kwa Ebola Kikwit, Kongo, mwaka 1995 hawakupungukiwa na ujasiri. Ugonjwa uliwakuta kabla haujatambuliwa. Sisi leo hatuna udhuru huo.

Tuanze na Mpako wa Wagonjwa, maana hapo ndipo mapadre wengi hukwama. Kanuni ya 1000 ya Sheria ya Kanisa inaruhusu kutumia kifaa badala ya mkono penye sababu nzito. Penye dharura, mpako mmoja tu kwenye paji la uso unatosha, ilimradi maneno yote yatamkwe. Hivyo chupa ya mafuta ya parokia ibaki sakristia. Kosa la kawaida ni padre kuchovya pamba, kupaka, kisha kuchovya tena: jasho la mgonjwa limeshaingia kwenye chupa, na kesho chupa hiyohiyo inampaka bibi mwenye malaria.

Fanya hivi. Ukiwa bado nje, dondosha tone moja la mafuta kwenye kijiti cha pamba. Kijiti kimoja, mgonjwa mmoja, mpako mmoja, kisha kitupwe kwenye ndoo ya taka za kuchomwa. Kama mafuta yaliyobarikiwa na askofu hayapo, Kanuni ya 999 inamruhusu padre, penye lazima, kubariki mafuta wakati wa adhimisho lenyewe, na mafuta ya mmea wowote yanafaa, hata ya alizeti kutoka jikoni. Yakibaki, yafyonzwe kwa pamba na kuchomwa. Agizo hilo ni la liturujia yenyewe, na bwana afya angesema vilevile.

Kitabu cha ibada usiingie nacho wodini. Nakili sala kwenye karatasi utakayoiacha ndani. Stola iwe ya kitambaa rahisi kisichouma kukichoma. Simu, saa, pete na rozari vibaki nje. Usiingie peke yako, wala usiingie bila kuvalishwa vazi la kujikinga na wahudumu wa kituo cha matibabu. Kuvua vazi ni hatari kuliko kulivaa: msimamizi atakutajia hatua moja moja, nawe usimtangulie, hata kama jasho linakuingia machoni. Joto ndani ya vazi hilo ni kali na saa moja ni nyingi, kwa hiyo mahubiri yasubiri.

Kitubio kina ugumu wake. Huwezi kumtaka mgonjwa apige kelele za dhambi zake ng'ambo ya uzio. Tarehe 20 Machi 2020, wakati wa korona, Idara ya Toba ya Kitume ya Vatikani ilieleza kwamba maondoleo ya jumla, yaani ya wengi pamoja bila kila mmoja kuungama kwanza, yanaweza kutolewa, kwa mfano mlangoni pa wodi za wagonjwa walio katika hatari ya kufa, kwa kipaza sauti ikiwezekana ili wasikie. Askofu aarifiwe kabla, au mapema iwezekanavyo. Mgonjwa anayetapika asipewe Hostia. Msaidie kwa sala ya komunyo ya kiroho.

Klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 70: vijiko 10 vya chakula kwa lita 20 za maji hutoa mchanganyiko wa 0.5%, wa viatu, sakafu na vifaa. Kijiko 1 kwa lita 20 hutoa 0.05%, wa mikono. Ndoo hizo ziandikwe kwa herufi kubwa, kwani kuzibadilisha huunguza ngozi upande mmoja na huacha virusi upande wa pili. Changanya upya kila siku. Ya jana imeshapoteza nguvu.

Kwenye mazishi, kazi kubwa ya padre ni kabla timu ya afya inayozika maiti kwa usalama haijafika. Katika mlipuko wa Ebola wa Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, wa 2018 hadi 2020, uliochukua maisha ya watu 2,287, timu hizo zilipingwa mara nyingi na familia zilizohofia maiti yao kunyang'anywa. Kaa na wazee wa familia, kwa umbali, mkubaliane: nguo gani iwekwe ndani, nani ashuhudie, jina liandikwe vipi msalabani. Maiti haioshwi wala haibusiwi. Padre anasimama mbali na kaburi na kunyunyiza maji ya baraka kutoka hapo.

Waliomgusa mgonjwa hufuatiliwa siku 21 wakiwa nyumbani, na hapa Karitasi ya parokia, kitengo cha misaada, huchelewa. Familia isiyo na chakula itatoka tu, hata uiombee vipi. Watu sita kwa siku 21 wanahitaji kama kilo 50 za unga, kilo 8 za maharage, lita 3 na nusu za mafuta ya kula na zaidi kidogo ya nusu kilo ya chumvi. Ongeza sabuni na mkaa. Vifike siku ya kwanza, viwekwe mlangoni, na mwanajumuiya mmoja apewe kazi ya kuwalisha mbuzi wao.