Zege la saa nne usiku na kitambi kisichoondoka

Mkuu, umeuliza kwa nini huu ni mwezi wa tano unakimbia na klabu ya jogging kila Jumamosi lakini kitambi kipo palepale na pumzi inakata mapema. Umesema pia unaishi peke yako, unarudi usiku umechoka, na chakula chako cha usiku ni zege, yaani chipsi mayai, na soda. Maisha hayo nimeyaishi miaka miwili kamili, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonikuta.

Nilikuwa nauza dukani Kariakoo. Tunafunga saa mbili usiku, mpaka nishuke Tabata ni saa nne kasoro. Tangu asubuhi nimekunywa chai na maandazi mawili, mchana nimeruka kwa sababu wateja hawaishi. Nashuka kwenye daladala njaa inauma, na banda la chipsi liko hatua chache tu kutoka kituoni. Zege la mayai mawili, soda ya baridi, saa tano nimelala. Nilianza na kilo 74. Baada ya miaka miwili nikawa na 91.

Kukimbia nilikuwa nakimbia, Tabata mpaka Buguruni na kurudi, kama kilomita 6. Sasa piga hesabu na mimi. Ukikimbia kilomita moja unaunguza takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili wako. Kwa kilo zangu 91, kilomita 6 ni kama kalori 550. Sahani ya zege na soda yake inafika kalori 1000 kirahisi, na nilikuwa nakula siku sita kwa wiki. Jumamosi moja haiwezi kubeba mzigo huo hata ukimbie vipi.

Kuna mchangiaji hapo juu amekwambia uache ugali. Simuungi mkono. Ugali wa kawaida ni unga na maji, na una mboga yake. Kilichoninenepesha mimi ni mafuta, na nilikuja kuelewa siku nilipokaa kwenye benchi karibu na jiko nikisubiri zamu yangu, nikaangalia vizuri jinsi zinavyopikwa.

Mafuta kwenye karai yalikuwa meusi kama kahawa, yanatoa povu. Yakipungua, kijana anachukua dumu anaongezea mapya juu ya yale ya jana. Viazi vilikaangwa jioni vikaiva nusu, vikarundikwa kwenye kabati la kioo. Mteja akija vinarudishwa kwenye karai. Ukitaka zege, kijana anamimina mafuta mengine kwenye kikaango, anatia chipsi, anavunja mayai juu. Kiazi kimoja kimeonana na mafuta mara tatu! Na kiazi kikikaangwa maji yake yanatoka kama mvuke, halafu kikitolewa na kuanza kupoa, mafuta yaliyobaki juu yake yanafyonzwa ndani. Siku hiyo nilipomaliza kula niliinamisha sahani, mafuta ya manjano yakajikusanya pembeni pamoja na tomato, ile sosi ya nyanya. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kama kalori 120. Na hayo ndiyo yaliyobaki, mengine yalishaingia tumboni.

Simlaumu yule kijana. Mafuta ni ghali, na angeyamwaga kila siku asingepata hela ya kula.

Soda nayo usiidharau. Chupa ya mililita 350 ina sukari kama gramu 35, karibu vijiko tisa vya chai, na haishibishi.

Kuhusu pumzi: chakula chenye mafuta mengi kinakaa tumboni muda mrefu. Nikila zege saa nne Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi naanza kukimbia tumbo zito, na tukikaribia Buguruni kiungulia kinapanda mpaka kooni. Nilikuwa nasimama, nashika magoti, wenzangu wananipita. Nilidhani ni uvivu wa mwili.

Kilichonishtua ni presha. Nilipita kwenye banda la kupima afya viwanja vya Sabasaba, kwa kupita tu. Ikasoma 150/96. Nesi akanikalisha dakika kumi, akapima tena, haikushuka. Nilikuwa na miaka 31. Akaniuliza nakula nini usiku, kisha akaniambia chumvi kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha ya kwenye chakula chote. Nikakumbuka ninavyonyunyizia chipsi, kisha juu yake tomato ambayo nayo ina chumvi.

Nilichobadilisha ni mchana, usiku ukajirekebisha wenyewe. Saa saba naenda kwa mama ntilie, nakula ugali, maharage, mchicha, dagaa wakiwepo. Jioni kwenye daladala nakula ndizi mbivu mbili na karanga kidogo, ili nikishuka kituoni nisiwe na ile njaa ya kufanya uamuzi mbaya. Jumapili nachemsha maharage ya siku tatu. Soda nikaacha kabisa, wiki mbili za kwanza kichwa kiliuma. Chipsi bado nakula mara moja kwa wiki: kavu, nusu sahani, mishikaki miwili na kachumbari nyingi, bila tomato. Kijana amezoea, hata haniulizi.

Na Jumamosi haikutosha, nikaongeza kutembea haraka nusu saa, siku nne kwa wiki. Miezi minane nimefika kilo 83, presha mara ya mwisho 132/84, na Buguruni nafika bila kusimama. Kiuno kilianza kupungua mwezi wa tatu, kabla ya hapo nilikuwa naona namba za mzani tu, kwa hiyo usikate tamaa mapema.

Wewe anza kwa kupima presha na sukari wiki hii kwenye zahanati ya karibu, kabla hujaongeza kasi ya mazoezi. Ukishapata namba ziweke hapa, na useme mchana unakula wapi na saa ngapi, tuangalie kuanzia hapo.