Baba kalima tumbaku miaka yote, pensheni yake iko wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Mi niko Urambo, Tabora. Baba ana miaka 72, kalima tumbaku toka ujanani, ushuru kila msimu, leo hapati hata mia ya serikali. Jirani yetu mwalimu mstaafu anapokea kila mwezi na bado analalamikia kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu. Kodi zetu ndo zinamlipa yeye? Si watenge fungu la wazee wote?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwalimu msimuonee. Pensheni yake inatoka PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na kila mwezi wa kazi yake mfuko ulipata asilimia 20 ya mshahara, yeye anakatwa 5 mwajiri anaweka 15. Mwajiri ni serikali, kwa hiyo ndiyo, kodi yenu imo, ila ni ujira wake huo kaufanyia kazi. Na kulalamika ana haki, wenzake wa iliyokuwa PSPF, mfuko wa watumishi kabla ya PSSSF, walizoea kupewa nusu ya mafao kwa mkupuo, Julai 2022 ikashushwa hadi asilimia 33, bajeti ya 2024 ndo ikarudishwa 40, na mtu alishapanga ile hela imalizie nyumba!

Sasa baba. Mtu akiniambia mkulima halipi kodi namkatalia palepale. Ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3, kabla ya 2017 ilikuwa 5, kwenye karatasi analipa mnunuzi lakini mnunuzi anaurudishia kwenye bei, nani hajui. Akienda dukani kununua bati VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 inamsubiri, sawasawa na waziri. Sasa huyu kachangia nchi au hajachangia?

Zanzibar walishajibu. Toka 2016 mzee wa miaka 70 na kuendelea analipwa na serikali kila mwezi, walianza na elfu 20 sasa ni elfu 50, haulizwi kama aliajiriwa. Baba yako angekuwa Pemba angekuwa anapokea. Bara wanasema watu ni wengi hela haitoshi, haya, waanze na wa miaka 75 basi, lakini waanze, na kabla bunge halijapitisha msamaha mwingine wa kodi kwa wakubwa hili liwe mezani kwanza. Mbunge wenu muulizeni hadharani.

Wewe usisubiri, NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, wanapokea waliojiajiri, wakulima pia, ila pensheni ya uzee inataka michango ya miezi 180 kwa hiyo anza ukiwa na nguvu. Na mzee kama hana uwezo, sera ya wazee ya 2003 inasema wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza atibiwe bure, nenda kwa mtendaji wa kijiji au ustawi wa jamii uulizie utaratibu wiki hii hii.